S. pombe cdc25-22: seli zinagoma kugawanyika kwa pamoja, na urefu unayumba

Slaidi40x

Wakuu, salaam. Kuna zoezi la maabara linaandaliwa kwa wanafunzi wa mwaka wa tatu kuhusu mgawanyiko wa seli. Safari hii tunaachana na ncha za mizizi ya kitunguu, tunatumia hamira ya Schizosaccharomyces pombe, ile ile aliyoifanyia kazi Paul Nurse mpaka akapata Nobel ya 2001 pamoja na Tim Hunt na Leland Hartwell. Tunazo aina mbili: 972 ya kawaida, na cdc25-22 isiyostahimili joto (jeni yake ya cdc25 ina hitilafu, protini yake inakufa joto likipanda).

Utaratibu ulivyo sasa: koloni moja inatiwa kwenye flaski yenye mililita 100 za YES (midia, yaani chakula cha majimaji cha hamira) jioni, asubuhi flaski inahamishiwa kwenye inkubeta ya hewa iliyowekwa nyuzi 36 kwa saa 4, kisha inatolewa na kuachwa mezani ipoe. Sampuli zinachukuliwa kila baada ya dakika 20.

Shida ni tatu:

1. Zikipoa, seli zenye ukuta wa kati (ule unaojengwa katikati seli ikigawanyika) hazizidi asilimia 25, tena zinajitokeza kidogo kidogo kwa saa nyingi. Hakuna kilele.

2. Urefu wa 972 haueleweki. Wanafunzi wa kundi moja wanapata wastani wa maikromita 14, kundi lingine 10, wote wametoa kwenye flaski moja.

3. Hii ni ya nadharia. Jeni za cdc (zinazoendesha mzunguko wa kugawanyika kwa seli) ni nyingi, na yoyote ukiiharibu seli inasimama. Nurse alijuaje kwamba cdc2 ndiyo inayoamua lini seli igawanyike, na si kiungo kimoja tu kati ya vingi?

Hadubini tuliyo nayo ni ya fezi (phase contrast), lenzi za 40x na 100x. Ya mwanga wa urujuanimno hatuna.

---

Nyuzi36

Mkuu, la kwanza karibu lote ni suala la joto na njaa. Nianze na joto.

Inkubeta ya hewa haifai kwa kazi hii. Kipimo cha mlangoni kinasoma 36, lakini mililita 100 za maji ndani ya kioo huchukua zaidi ya nusu saa kufika huko, kwa hiyo kati ya saa zako 4 seli zimeonja 36 kwa muda pungufu, na zimepita taratibu kwenye nyuzi 30 na 33 ambako protini yao ya Cdc25 bado inafanya kazi nusunusu. Tumia beseni la maji lenye kidhibiti joto na kitikisio, maji ya beseni yawe juu ya usawa wa midia iliyomo kwenye flaski. Weka flaski ya pili yenye maji matupu ya ujazo uleule, tumbukiza kipimajoto humo, usome hicho. Namba ya kwenye kioo cha mashine usiiamini.

Dirisha ni jembamba. Ikiwa 35 au chini, baadhi ya seli zinaponyoka kizuizi na kuendelea kugawanyika. Ikifika 37 na kuzidi, zinasimama vizuri sana ila nyingi hazizinduki ukizipoza. Lenga 36 kwa saa 4 hadi 4 na robo.

Kuna kipimo kimoja rahisi ambacho naona hamkifanyi: hesabu seli zenye ukuta wa kati mwishoni mwa zile saa 4, kabla ya kupoza. Flaski yenye seli zinazokua kawaida, bila kusimamishwa, huwa na asilimia 10 hadi 15 hivi. Baada ya saa 4 za kusimamishwa lazima ziwe zimekaribia sifuri, maana zilizokuwa zimeshapita kizuizi zimemaliza kugawanyika na zilizobaki zote zimekwama kabla ya mitosisi. Ukikuta bado ni 6 au 8, acha hapo hapo, hakuna haja ya kupoteza siku kuchukua sampuli. Pia zitazame umbo: zilizosimama kweli zinakuwa ndefu mno, zinavuka maikromita 25, kwa sababu kukua hakukusimama, kilichosimama ni kugawanyika.

Kupoza nako ni kosa. "Kuachwa mezani" ni maneno ya miongozo iliyoandikwa Edinburgh na London, ambako meza ya maabara ina nyuzi 20 na kidogo. Ukiwa Dar mwezi wa pili meza yenyewe ina 30. Seli zinashuka polepole kutoka 36 mpaka 30 na hapo zinabaki, kila moja inazinduka kwa wakati wake. Andaa beseni la maji na barafu, zungusha flaski humo kwa mkono huku ukisoma kipimajoto cha flaski pacha, na ikigusa 25 itoe mara moja uipeleke kwenye beseni la nyuzi 25. Isishuke chini ya hapo, nayo inachelewesha. Dakika mbili tatu zinatosha kwa mililita 100.

Ukifanya hivyo, ukuta wa kati unaanza kuonekana kwa wingi na kilele kinafika kati ya dakika ya 60 na ya 80 tangu kupoza, asilimia 60 hadi 80 ya seli.

Sasa njaa. Koloni uliyoitia jioni moja kwa moja kwenye flaski kubwa ina seli zilizolala na zilizo macho zikiwa zimechanganyika. Anza na mililita 5 au 10 za matayarisho, ziache zikue siku nzima kwa 25, ndipo upande flaski ya usiku. Hesabu ni nyepesi: kwenye YES ya nyuzi 25 zinaongezeka maradufu kila baada ya saa 3 hivi. Ukitaka asubuhi, baada ya saa 15, uwe na seli milioni 2 kwa mililita, hiyo ni mara tano za kuongezeka maradufu, yaani mara 32. Basi anza na seli 60,000 kwa mililita. Milioni 2 ni karibu na usomaji wa 0.1 kwenye nanomita 595, lakini linganisha mashine yako mwenyewe na chemba ya kuhesabia. Na baada ya saa 4 za joto achana kabisa na usomaji wa mashine: seli ndefu zinatawanya mwanga zaidi, namba inapanda wakati idadi imesimama.

Flaski isijae. Mililita 100 ziwe kwenye flaski ya mililita 500.

---

Lenzi_ya_Mafuta

Nachukua namba 2, ni fupi.

Kundi lililopata 10 limepima kila seli iliyopita mbele ya lenzi. S. pombe huzaliwa na maikromita 7 hivi, inarefuka kwenye ncha huku unene ukibaki uleule wa 3 hadi 4, na inagawanyika ikifika 14. Ukipima zote bila kuchagua lazima upate 10 na ushee. Kundi la 14 limepima zenye ukuta wa kati peke yake, na ndilo lililopatia. Kinachotafutwa ni urefu wa seli wakati wa kugawanyika, hivyo seli isiyo na ukuta wa kati haina habari ya kukupa. Pima 50 kwa uchache, 100 ni bora. Mtawanyiko wa 972 ni mdogo, chini ya asilimia 10 ya wastani, na ukiona zaidi ya hapo kuna tatizo la upimaji.

Tatizo hilo mara nyingi ni lenzi ya 40x. Weka slaidi ya vipimo, ile ya milimita moja iliyogawanywa mara 100, ulinganishe na rula ya kwenye kijicho (lenzi ya kutazamia). Kwa 40x alama moja ya kijicho mara nyingi inaangukia maikromita 2.5. Seli ya 14 ni alama tano na nusu hivi, sasa mwanafunzi akikosea nusu alama amekosea zaidi ya maikromita moja. Tumia 100x ya mafuta ambako alama moja inakaribia maikromita 1. Usikopi namba hizi kwangu, kila hadubini ina zake.

Tone liwe dogo, maikrolita 2 au 3, ili seli zilale bapa. Tone kubwa linaziacha zikielea zimeinama na zinaonekana fupi kuliko zilivyo.

Jambo la mwisho, msiseme mmepata mutanti mpya (seli yenye jeni iliyobadilika) kabla hamjaangalia midia: chakula kikipungua, hasa naitrojeni, S. pombe inaanza kugawanyika ikiwa fupi zaidi. Flaski iliyolala usiku mzima ikajaa seli itawapa 972 fupi fupi zinazofanana na mutanti wa ukubwa.

---

Kemikali_Safi

Mimi naona mnajisumbua na mabeseni. Hydroxyurea kwenye 972, milimola 12, saa 4, seli zote zinasimama G1 (hatua ya kabla ya DNA kunakiliwa) kama hamira ya mkate, unaosha, zinaendelea pamoja. Hakuna joto wala barafu.

---

MwanaMitosisi

Kemikali_Safi, kipimo chako cha milimola 12 kwa saa 4 ni sahihi, ila hazisimami G1. Hydroxyurea inazuia kimeng'enya kinachotengeneza malighafi za DNA, kwa hiyo seli zinakwama ndani ya hatua ya S, DNA ikiwa imeanza kunakiliwa. Na S. pombe haifanani na hamira ya mkate kwenye hili. Ikikua vizuri, hatua ya S inafanyika wakati seli mbili binti hazijaachana bado, hivyo seli ikishatengana tayari iko G2 (hatua ya kati ya kunakili DNA na mitosisi). G2 peke yake inachukua karibu asilimia 70 ya mzunguko. Ndiyo maana kizuizi cha kabla ya mitosisi kinaikamata kirahisi.

Kwa mafunzo dawa hiyo inafaa, na 972 inatosha. Mtunze unga wake tu: unafyonza unyevu hewani na kupoteza nguvu, chupa iliyofunguliwa muda mrefu mwambao inaweza isisimamishe chochote. Pima unga siku hiyo hiyo, tia kwenye midia iliyopoa, usiuchemshe. Wakati wa kuosha, zungusha kwenye sentrifuji mara mbili kwa midia safi. Mara moja haitoshi.

Lakini swali la tatu la mleta mada haliwezi kufundishwa kwa hydroxyurea. Hapo cdc25-22 ina thamani yake, na nitaeleza kwa nini.

Mleta mada yuko sahihi kwamba seli iliyosimama haithibitishi kitu. Ukiharibu jeni ya kunakili DNA seli inasimama, ukiharibu ya kutengeneza nyuzi za kuvuta kromosomu inasimama pia. Nurse, akiwa Edinburgh kwenye maabara ya Murdoch Mitchison katikati ya miaka ya 1970, alitafuta kitu cha kinyume: seli zinazogawanyika mapema mno. Seli haiwezi kuwahishwa kwa kuharibu kipuri chochote kile. Inawahi pale tu ulipogusa kile kinachoiwekea muda. Na kwa S. pombe kuwahi kunaonekana kwa macho, kwa sababu seli inayogawanyika kabla ya wakati inagawanyika ikiwa fupi, 7 au 8 badala ya 14. Waliziita wee, yaani kadogo kwa Kiskoti cha huko.

Mwaka 1980 Nurse na Pierre Thuriaux walichapisha uchambuzi wa mutanti 52 za aina hiyo. 51 ziliangukia jeni moja, wee1. Moja tu ilikuwa kwingine, na huko kwingine kulikuwa ni ndani ya cdc2, jeni iliyokuwa tayari inajulikana kwamba ukiiharibu seli inashindwa kugawanyika.

Wanafunzi waachiwe hapo wafikirie tofauti ya 51 na 1. Wee1 ni kizuizi: uharibifu wa aina yoyote unaoiua unawahisha mgawanyiko, na njia za kuharibu jeni ni nyingi. Cdc2 ni msukumo. Ukiiua seli inakwama, kwa hiyo kupata cdc2 inayowahisha kunahitaji badiliko adimu linaloifanya iwahi kuamka bila kuipoteza kazi yake. Jeni moja ambayo ikifa mgawanyiko hakuna, na ikizidi nguvu mgawanyiko unawahi: hiyo haiwezi kuwa kipuri cha kawaida. Huo ndio ushahidi, na kwa maoni yangu ni mzuri kuliko wote uliofuata, ingawa uliofuata ndio unaotajwa zaidi kwenye vitabu.

Iliyofuata kwa haraka: 1981 Nurse na Bissett wakaonesha cdc2 inahitajika mara mbili, G1 na G2. 1982 ikaonekana CDC28, jeni ya hamira ya mkate aliyoivumbua Hartwell, inaweza kushika nafasi ya cdc2. 1987 Melanie Lee na Nurse, London, wakaingiza jeni za binadamu kwenye S. pombe yenye cdc2 mbovu na kuachia joto lichuje. Iliyookoa seli ilikuwa cdc2 ya binadamu. Wakati huo huo upande wa Hunt ulikuwa umeanza na mayai ya sea urchin (mnyama wa baharini mwenye miiba) kule Woods Hole, Marekani, mwaka 1982, protini inayojaa na kutoweka kila mgawanyiko, saiklini. Kwenye S. pombe saiklini inayoshikamana na Cdc2 kwa ajili ya mitosisi ni Cdc13.

Sasa rudi kwenye flaski yako. Wee1 inabandika fosfati kwenye tairosini ya 15 (moja ya asidi amino zinazoiunda) ya Cdc2, na hapo Cdc2 inalala. Cdc25 inaibandua. Gould na Nurse walilionesha hilo la tairosini mwaka 1989. Kwenye nyuzi 36 Cdc25 ya mutanti wako imekufa, Cdc2 na Cdc13 zinarundikana zikiwa na fosfati yake, seli inarefuka tu. Ukirudisha 25, Cdc25 inafanya kazi tena, fosfati inabanduliwa kwenye rundo lote kwa dakika chache. Ndiyo maana zinaingia mitosisi kwa mkupuo, na ndiyo maana kupoza polepole kunaua zoezi zima.

Kama mnaweza kupata aina yenye cdc25-22 na wee1-50 pamoja, iwekeni kwenye 36 kando ya cdc25-22 peke yake. Ya kwanza inaendelea kugawanyika kwa joto hilo hilo linaloisimamisha ya pili: asiyekuwepo wa kubandika, hahitajiki wa kubandua. Peter Fantes alichapisha hili 1979, miaka kumi kabla kemia yake haijajulikana, kwa kuzalisha aina hizo pamoja na kupima urefu.

Onyo moja. Msitumie mzunguko wa pili baada ya kupoza kuonesha "muda wa kawaida wa mzunguko". Seli zimegawanyika zikiwa kubwa kupita kiasi, binti zake wanazaliwa wakiwa wameshavuka ukubwa unaotakiwa, kwa hiyo G2 yao inakuwa fupi na mgawanyiko wa pili unawahi. Ukitaka mzunguko usiovurugwa unachuja seli ndogo za 972 kwa tabaka la laktosi, asilimia 7 hadi 30 kwenye tyubu, sentrifuji taratibu, unanyonya tabaka la juu. Laktosi kwa sababu S. pombe haiwezi kuila, sukari ya kawaida itaila. Mavuno ni kidogo lakini seli ni safi.

---

Slaidi40x

Asanteni sana wakuu, hasa hiyo ya 51 na 1. Maswali mawili madogo. Inkubeta ya kupoza hatuna, hiyo 25 tunaipataje? Na kuna mwanafunzi kauliza kama S. pombe inaweza kutolewa kwenye pombe ya kienyeji badala ya kuagiza.

---

Nyuzi36

25: chumba chenye kiyoyozi kishushwe mpaka 21 au 22, ndani yake beseni kubwa la maji, lita 20 na kuendelea, lenye hita yenye kidhibiti. Hata hita ya tanki la samaki inafaa mradi uihakiki kwa kipimajoto cha kweli. Siri ni kwamba hita inajua kupandisha tu, kwa hiyo chumba lazima kiwe baridi kuliko 25. Umeme ukikatika, lita 20 zinakupa muda kabla joto halijahama.

---

MwanaMitosisi

Pombe ya kienyeji: asili yake ndiko iliko. Paul Lindner aliitenga 1893 kutoka pombe ya nafaka ya Afrika Mashariki. Lakini msitegemee kwa ajili ya zoezi hili, maana ya mitaani haina cdc25-22. Inafaa kwa kupima urefu tu. Sehemu kubwa ya mtakachokiona ni Saccharomyces cerevisiae (ile hamira ya mkate), ambayo ni ya mviringo na inachipua pembeni. Mnayoitafuta ni vijiti vinavyokatika katikati. Chora kwenye sahani ya YES, chagua koloni, hakiki kila moja kwa 100x.

Na hiyo YES, kwa kuwa hujataja mnaichanganyaje. Kwa lita: dondoo ya hamira gramu 5, glukosi gramu 30, adenini, histidini, lusini, laisini na urasili miligramu 225 kila moja. Glukosi ichemshwe peke yake ikiwa myeyusho wa asilimia 40 na ichanganywe baadaye. Ukiichemsha pamoja na dondoo midia inageuka kahawia, na kwenye midia hiyo seli zinakua polepole, hesabu ya saa 3 aliyokupa Nyuzi36 haitafika.

---

Lenzi_ya_Mafuta

Naongeza hili kwa sababu hakuna aliyeligusa. cdc25-22 iliyokaa mezani kwa wiki kadhaa kwenye sahani ya joto la Dar si cdc25-22 tena. Kwenye nyuzi 30 inakua kwa taabu, kwa hiyo chembe yoyote iliyobadilika ikapona inawapita wenzake na kutawala. Hiyo peke yake inaweza kuwapa ile asilimia 25. Toeni upya kwenye akiba ya gliseroli ya nyuzi hasi 80, otesheni kwa 25 siku nne au tano mpaka koloni moja moja zionekane, kisha kila koloni ichorwe kwenye sahani mbili za YES zenye floksini B (rangi ya kutambua seli zilizokufa): moja 25, nyingine 36. Iliyo nzuri inakua kwa 25 ikiwa ya waridi hafifu, na kwa 36 haikui, inaacha doa jekundu lililoiva ambalo chini ya lenzi ni seli ndefu ndefu. Koloni iliyokua kote kuwili itupwe.